Paka Asiyeuliza Jina

Nilipoanza kujifunza kompyuta, kilichonivuta hakikuwa majedwali bali Neko, paka mdogo aliyekimbiza mshale wa kipanya kwenye skrini. Mshale ukitulia, naye aliketi, akajikuna, akapiga miayo, kisha akalala. Hakuwa na kazi nyingine, wala hakuwahi kuniuliza jina.

Baadaye likazuka pambo jingine: BonziBuddy, sokwe wa zambarau aliyeimba na kutania. Huyu aliuliza. Mwaka 2004 kampuni yake nchini Marekani ilikubali kulipa dola 75,000 kumaliza shauri la Tume ya Shirikisho ya Biashara, iliyoituhumu kukusanya taarifa za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Nasi sasa tunazo sheria za kulinda taarifa binafsi: Kenya ilitunga yake 2019, Tanzania 2022. Ni hatua njema. Lakini sheria huja baada ya madhara. Kidole chetu ndicho kinachotangulia kubofya “Nakubali”. Ndugu msomaji, pambo la bure si kosa kulipokea. Ila likianza kumuuliza mwanao anaitwa nani, nawe uliza: limetumwa na nani?