Ujuzi Hauzeeki: Mwanakemia Katika Jeshi la Maji

Watu wengi hudhani ya kuwa afisa wa manowari ni lazima awe mtu aliyelelewa na bahari tangu ujana. Dhana hiyo ina haki yake, kwa maana bahari haimhurumii mgeni. Lakini vita vya 1939 hadi 1945 vilionyesha jambo la pili: mtu wa maabara au wa karakana, akifundishwa adabu na kazi za jeshi, huweza kuokoa meli ambazo mabaharia peke yao hawangeweza kuziokoa.

Mfano mzuri ni Charles Goodeve, aliyezaliwa Kanada mwaka 1904. Kazi yake ilikuwa kemia, naye aliifundisha katika University College, London. Hata hivyo tangu alipokuwa mwanafunzi alijiandikisha katika jeshi la maji la akiba, na katika miaka ya amani alijifunza mambo ya umeme na topido. Maafisa wa Uingereza wa namna hiyo walitambulika kwa tepe za mikono ya makoti yao: za maafisa wa kudumu zilinyooka, za wale wa kujitolea zilipinda kama mawimbi. Hata jina la utani walipewa kwa ajili ya tepe hizo.

Mwishoni mwa 1939 Wajerumani walitega baharini mabomu ya namna mpya. Bomu lilikaa kimya chini ya maji, wala halikuhitaji kuguswa na meli yo yote. Kumbe kila meli ya chuma ni sumaku kubwa. Ilipopita juu, sindano ndani ya bomu ilisogea, umeme ukaungana, na meli ikapasuka. Chakula kingi cha Uingereza kilikuja kwa meli. Basi hatari ya njaa ilikuwa mlangoni. Tarehe 23 Novemba, 1939, John Ouvry, afisa wa kudumu, alilifungua kwa mikono yake bomu moja lililoonekana katika matope ya Shoeburyness, na siri ikajulikana.

Hapo ndipo ujuzi wa raia ulipotakiwa. Goodeve na wenzake walitengeneza nyaya ndefu zenye kuelea, zikakokotwa na meli mbili zilizokwenda sambamba. Mkondo mkali wa umeme ulipopitishwa, mabomu yalilipuka mbali na meli. Tena walipitisha waya mnene wenye umeme ubavuni mwa meli ili kuipunguzia usumaku. Dawa hiyo haikudumu, ilibidi irudiwe baada ya miezi. Lakini ilikuwa ya haraka, hata vyombo vingi vilivyokwenda kuwatoa askari Dunkirk mwaka 1940 vilitangulia kufanyiwa hivyo.

Mafunzo ya akiba hayakumfanya Goodeve kuwa mwanakemia, wala kemia haikumfanya kuwa mwanamaji. Mwalimu asiyejua meli angaliweza kubuni chombo kizuri mezani, kisichoweza kutumiwa na baharia katika upepo na giza. Yeye alijua pande zote mbili. Na wakubwa wa jeshi nao wastahili sifa, kwani walimpa kazi aliyoiweza.

Vita vilipokwisha alirudi katika kazi za raia, akaongoza utafiti wa chuma cha pua. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Ni kweli, lakini ujuzi usiopewa kazi hulala, na mwenye hasara ni nchi nzima.