Barua kwa Neema, anayekwenda Zambezi

Sagana, 2 Septemba

Mpwa wangu Neema,

Mama yako ameniambia utakwenda kupiga kayaki Zambezi mwezi wa Oktoba, chini ya Maporomoko ya Victoria, na nimefurahi kwa moyo wote. Jambo moja tu limenikosesha raha: eti umeuchagua mwezi huo kwa kuwa maji yatakuwa yamepungua na mto umekuwa mpole. Sivyo, mwanangu. Tuelewane hapo kabla hujafunga mizigo.

Hapa kwetu Tana ikipungua hupoa kweli. Zambezi ina umbo lingine. Pale juu ya maporomoko mto una upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu, kisha maji yote yanadumbukia ufani na kuingia bonde la Batoka, jembamba, lenye kuta ndefu za mwamba mweusi wa volkano. Kilele cha mafuriko kikifika, kwa kawaida Aprili, hupita kama mita za ujazo 3,000 kila sekunde. Oktoba na Novemba hubaki kama 300. Ukisikia hesabu hiyo utadhani kazi imekwisha. Lakini mto ukijaa, maporomoko mengi ya bondeni humezwa, ukabaki mkondo mmoja mzito wenye maji ya kuzunguka yanayotisha. Mto ukishuka, kila poromoko hujitokeza lenyewe: mteremko mkali, mawimbi yaliyosimama, na nyuma ya jiwe shimo ambamo maji hujirudia na kuing'ang'ania kayaki. Hatari haikupungua, imebadilika. Ndiyo sababu wapiga kayaki kutoka nchi nyingi huusubiri msimu huo.

Una bahati moja kubwa ambayo wa Jinja hawana. Kule Naili hupanda na kushuka kwa amri ya mabwawa. Zambezi, juu ya Victoria, haina bwawa kubwa la kuyazuia maji. Hata mvua zikianza Angola na kaskazini mwa Zambia, maji hutandaa kwanza kwenye mbuga za Barotse na kukaa huko wiki nyingi kabla ya kuteremka. Kwa hiyo poromoko utakaloliona Jumatatu utalikuta vilevile Ijumaa, na unaweza kulisoma kama somo la darasani.

Basi lisome. Shuka kwenye kayaki, panda mwambani, tazama. Maporomoko yale huitwa kwa namba, kuanzia karibu na lile daraja la mwaka 1905 linalounganisha Zambia na Zimbabwe. Namba 7 ni refu na lina njia za kuchagua, na maji yakiwa machache ndipo linapodai akili zaidi. Tafuta kwanza mahali utakapotokea, kisha rudi kwa macho juu hadi utakapoingilia. Namba 9, boti za mpira za watalii hubebwa na kupitishwa kando. Wako watakaolipiga kwa kayaki mbele yako. Wewe beba kayaki yako begani upite nchi kavu. Nakuomba hilo kama mjomba, wala sitalirudia.

Namba 18 lina mawimbi makubwa yanayofuatana, na la tatu hupindua wengi. Likikupindua, jikunje, shika kafi, na usikimbilie kufungua sketi ya kayaki. Maji makubwa hukutikisa kwanza, halafu hulegea. Yakilegea ndipo ujigeuze. Ukilazimika kutoka, usielee muda mrefu kwenye maji tulivu yanayofuata, maana mamba wamo.

Na wale vijana wanaopanda kuta za bonde wakiwa wamebeba kayaki vichwani, katika joto lile la Oktoba, wasalimie kwanza na uwalipe bila kuvutana. Wanaujua mto huo kwa kuutazama kila siku. Waulize.

Kuna jambo jingine linalonifanya nikuhimize uende sasa. Zambia na Zimbabwe zina mpango wa siku nyingi wa bwawa la Batoka, la megawati 2,400, ambalo likijengwa litayafunika maporomoko mengi utakayoyapita. Najua Zambia ilivyokaa gizani mwaka 2024, ukame ulipolishusha ziwa Kariba, na siwezi kumwambia mama anayepikia gizani kwamba mawimbi yangu yana thamani kuliko taa yake. Lakini Bujagali, kule Naili, niliipenda, na bwawa lilipozinduliwa mwaka 2012 maporomoko yale yalikuwa yamekwisha kuzama. Hakuna namna ya kumwonyesha mtoto wa leo jinsi yalivyokuwa. Ndiyo maana nataka uione Batoka kwa macho yako, mawe yake yakiwa nje.

Helmeti yangu ya zamani usiichukue, povu lake limechoka. Nimempa mama yako pesa ya kununua mpya. Ukifika Livingstone nitumie ujumbe, unieleze namba 7 limekaaje mwaka huu na unakusudia kuingilia upande gani.

Mjomba wako akupendaye