Kutembea Bure

"Tunaenda kununua nini?" mama aliniuliza.

"Hatununui kitu. Tunatembea tu."

"Tunatembea kwa nani?"

Nikakosa jibu. Kwetu Raila, kijiji kimoja kati ya vijiji vya Kibera, mtu hutembea kwa sababu tatu: anaenda kazini, anatafuta kazi, au nauli imeisha. Ukitembea bila mojawapo ya hizo, hiyo inaitwa kuzurura, na mama hakulea wazururaji. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akivuka kwenda Lang'ata kufulia watu nguo. Tao anaijua kwa shughuli zake: hospitali, kitambulisho, sare za shule. Akimaliza, anarudi. Miaka hiyo yote hajawahi kusimama katikati ya jiji akaangalia tu.

Mwezi huo alikuwa ametimiza miaka sitini, nami nilikuwa nimelipwa pesa za kibarua. Nikamwambia zawadi yake ni matembezi ya Jumamosi. Alinitazama kama mtu aliyeahidiwa kuku akaletewa manyoya. Lakini alivaa gauni la kanisa, tukatoka.

Tulipanda hadi kwenye reli. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata sisi tuna barabara yetu ya watu wa miguu, ila hatujawahi kuiita hivyo. Huku mama anapanga viatu vya mitumba, kule mwingine anakaanga omena, kinyozi amefungulia benga, na jirani yake anajibu kwa nyimbo za injili, spika kwa spika. Mhubiri naye amesimama katikati ya mataruma na hakuna anayemwondoa. Treni ikipiga honi, watu wanasogea. Ikipita, wanarudi palepale kama maji. Mama hakuona ajabu yoyote. Alisalimia watu kumi na wawili, nilihesabu, na kwa wawili kati yao alisimama kuuliza habari za wagonjwa. Mwendo wake ulikuwa wa mtu aliye kwake.

Kisha tukatokea Mbagathi, ambayo tangu 2021 kibao chake kinasema Raila Odinga. "Tumetoka Raila tumeingia Raila," nikatania. Hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuharakisha. Tulipofika Upper Hill nilikuwa nyuma yake hatua tano, mimi kijana, yeye na magoti yake yanayouma.

"Mama, polepole. Hakuna anayetungoja."

"Nikienda polepole watajua sina mahali pa kwenda."

Hilo sentensi lilinikaa. Nilikuwa nikidhani mama anatembea haraka kwa sababu ya mazoea ya kazi. Kumbe ilikuwa ni hati yake ya kupita. Mtu mwenye haraka haulizwi swali.

Tao, tulipita Kenyatta Avenue, tukakata kuelekea Moi Avenue. Kwenye duka moja la viatu aliona jozi nyeusi, kisigino kifupi, ngozi laini. Akasimama. Hiyo ndiyo mara ya kwanza siku hiyo alisimama kwa hiari yake, na moyo wangu ukafurahi. Akainama kidogo kusoma bei. Soja akatoka mlangoni.

"Mathe, unatafuta nini?"

Hakuwa mkali. Labda hata alikuwa anafanya kazi aliyoambiwa afanye. Lakini mama alinyooka haraka na kusema, "Pole." Pole ya nini? Kioo kimewekwa hapo ili watu waangalie. Nilitaka kumjibu yule soja, mama akanivuta mkono wa shati.

Babu yake alitembea Nairobi na kipande shingoni, kwenye kijibati, wakati Mwafrika alipaswa kuonyesha ni nani aliyemwajiri. Uhuru ulikuja 1963, lakini sheria ya uzururaji ilibaki vitabuni hadi 1997. Kwa hiyo mama alikuwa mtu mzima, mwenye watoto, katika nchi ambayo kukaa mahali bila kazi ya kuonyesha kungeweza kukupeleka kortini. Sheria ilifutwa. Ile "pole" haikufutwa.

Tukafika pale penye uwazi kati ya jumba la kumbukumbu za taifa, Archives, na jengo lililokuwa hoteli ya Hilton, karibu na sanamu ya Tom Mboya, ambaye aliuawa kwa risasi mwaka 1969 kwenye barabara hiyohiyo. Jumamosi alasiri pale pamejaa. Wapiga picha wanakuita, wauza njugu wanapita, wachekeshaji wamezungukwa na vijana. Kando kidogo alikuwepo mzee kipofu mwenye kinanda kilichofungwa utepe, spika moja na ndoo ya plastiki miguuni. Aliimba wimbo wa kanisa ambao mama anaujua.

Mama akasimama.

"Huyu anaimba vibaya," akaninong'oneza.

Nikangoja tuondoke. Hatukuondoka. Wimbo wa pili ukaja, wa tatu, na mama akaanza kuitikia chini chini, akirekebisha pale mzee alipopotea. Tulikuwa kama watu thelathini: mwenye mkoba, mwenye toroli, mwanafunzi, askari wa kanjo aliyesahau kidogo kufukuza watu. Hakuna aliyeulizwa anatafuta nini. Nikaelewa kwamba mzee yule hakuwa anauza wimbo tu. Alikuwa anatupa sababu ya kusimama. Jiji ambalo linamtaka kila mtu aonyeshe shughuli yake, yeye alikuwa amelitengenezea kipande cha lami ambapo shughuli ni masikio.

Baada ya wimbo wa nne mama alifungua leso yake, akatoa noti ya shilingi hamsini, akainama na kuiweka ndani ya ndoo. Hakuitupa, aliiweka.

"Mama, si hiyo ni nauli yako ya kurudi?"

"Amefanya kazi," akasema. "Mtu akifanya kazi analipwa siku hiyo hiyo. Haambiwi kuja kesho."

Sikuuliza ni nani aliyemwambia aje kesho, wala mara ngapi. Nilikuwa na nauli ya wote wawili mfukoni, na nilimwambia hivyo. Alikataa. Alisema jua bado liko. Tukarudi kwa miguu, na safari hii sikuwa nyuma yake. Penye kivuli tulipumzika. Karibu na Kenyatta Market alinunua mahindi ya kuchoma, tukagawana, tukala tukitembea, jambo ambalo nikiwa mtoto alikuwa akinichapa kwalo.

Tulifika Raila giza likianza. Jirani alikuwa mlangoni anachambua sukuma wiki.

"Mama, umependeza! Mmetoka wapi?"

"Tao."

"Kulikuwa na nini?"

"Tulienda kutembea."

"Kwa nani?"

Mama alivua viatu, akaketi kwenye kigoda, akaanza kukanda goti lake.

"Kwa mzee mmoja hivi," akasema. "Anaimba vibaya sana."