Sikio la Mjomba

Mtaa wetu wa Madinat Sultan Qaboos haukujengwa kwa ajili ya nyundo. Majumba yake meupe, yaliyopandana juu ya vilima vya mawe tangu miaka ya 1970, yamezoea mvumo wa viyoyozi, na mtu akigonga chuma alasiri majirani huchungulia madirishani. Ndiyo maana mjomba wangu, aliyejifunza ufundi wa magari Ng'ambo ya Unguja akiwa kijana, hutandika gunia chini kabla ya kuweka spana. Amekaa Muscat zaidi ya miaka arubaini, na bado hufanya kazi kana kwamba chumba cha pili kuna mtoto aliyelala.

Mwaka jana mpwa wangu alinunua Nissan Patrol kuukuu yenye injini ya TB48: silinda sita katika mstari mmoja, lita 4.8, bloku ya chuma cha kalibu. Vijana wa Ghuba wanaipenda kwa sababu bloku hiyo huvumilia nguvu nyingi kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Alitaka kuitia tabo, yaani ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Alikwisha chagua seti kamili iliyotengenezwa na mabingwa, kwa bei iliyozidi riyali elfu moja. Mjomba alicheka. "Ya nini kununua? Nileteeni mabomba ya chuma, na tabo la lori kutoka kwa wauza vyuma chakavu. Menifoldi nitaichomelea mwenyewe." Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, kwa kuwa mwenye fedha nilikuwa mimi.

Ufundi wa mjomba una asili yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, bidhaa za nje ziliadimika Unguja, na vipuri vikawa miongoni mwa vilivyoadimika mno. Gasketi ilikatwa kwa mkasi kutoka katika karatasi ngumu. Ringi za pistoni za gari la aina moja zilisuguliwa hadi zikubali kuingia katika silinda ya gari la aina nyingine. Wenzangu wa ughaibuni, nikiwasimulia haya, huyasifu kuwa ni ubunifu. Mjomba mwenyewe hayasifu, huyaita dhiki. Jambo ambalo hakulitambua, au hakutaka kulitambua, ni kwamba dhiki ile ilimtaka kulifanya gari litembee tu, ilhali mjukuu wake alilitaka lipae juu ya vichuguu vya mchanga.

Shahidi wake katika mabishano ya namna hii huwa ni mmoja, Joginder Singh, fundi wa Kenya aliyeshinda mbio za Safari mwaka 1965 akiwa na nduguye Jaswant, katika Volvo PV544 ambayo kiwanda kilikwisha itumia na kuiacha. Hoja hiyo ni nzuri, lakini nadhani inamwelekea aliyeitoa. Singh hakuwashinda wenye magari mapya kwa kufua pistoni zake mwenyewe. Alizifahamu sehemu zilizotoka kiwandani, akajua ipi italegea baada ya maelfu ya kilomita za matope na vumbi, akaikaza kabla haijalegea. Huo nao ni ufundi, ila ni wa kulinda kuliko wa kubuni.

Ningalikuwa mwepesi zaidi wa kumwachia mjomba kazi ile, lau si Corolla.

Niliporejea kutoka Uingereza na shahada yangu ya uzamivu katika isimu, nilikuwa na Corolla mzee aliyechoka kupanda kilima. Mjomba alinihurumia. Aliifungua hedi, akaipeleka karakana ya Wadi Kabir, wakaisaga zaidi ya milimita moja. Hesabu yake ni nyepesi: hedi ikipungua, chumba cha mwako hupungua, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa zaidi, na nguvu huongezeka. Lakini joto nalo huongezeka, na petroli ya oktani ya chini huripuka kabla ya wakati wake. Majuma ya mwanzo nilipanda Wadi Adai nikiimba. Mwezi wa Juni, katika njia ya Nizwa, nikasikia mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Sikujua maana yake. Mke wangu alikuwa kando yangu, na binti yetu wa miaka miwili alikuwa nyuma. Baada ya dakika chache injini ikafa, na sisi tukabaki kando ya barabara katika jua ambalo halina huruma kwa mtoto. Maji tuliyokuwa nayo ni chupa moja.

Mjomba alikuja na gari la kuvuta. Siku ya pili yake alitoa pistoni iliyotoboka katikati, akaitazama, akaitia mfukoni. "Niliipima kwa sikio la Unguja," alisema. Hatukulizungumza tena.

Basi nikasema tununue. Mjomba akavaa kofia yake. "Sawa, daktari," akasema, na hajapata kuniita daktari kabla ya siku ile. Ijumaa mbili hakuja kula nasi.

Sanduku lilifika. Kila bolti ilihesabiwa, kila nati iliandikiwa nguvu ya kukazwa, gasketi ilikuwa ya tabaka za chuma. Nilipoyasoma maelezo yale nilielewa kuwa tulichokinunua hasa ni injini za watu wengine zilizopasuka katika majaribio, ili yetu isipasuke. Hata hivyo bomba moja liligusa fremu kwa upana wa kidole, na maelezo, kwa ufasaha wake wote wa Kiingereza, hayakuwa na neno juu ya hilo. Mpwa wangu alizunguka gari siku nzima. Magharibi nikamsikia kwenye simu, kwa Kiswahili chake cha jikoni ambacho ngeli zake zimepotea njiani: "Babu, bomba imekataa. Njoo."

Nimetumia miaka mingi kusahihisha upatanisho wa kisarufi wa wanafunzi. Siku ile nilinyamaza.

Alikuja na gunia lake. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, hivyo aliipapasa nafasi kwa kidole gumba, akaomba tupa, kisha akaomba moto. Nilisimama kati yao nikiwa mkalimani, nikitafuta Kiswahili cha yale yaliyoandikwa kwenye kompyuta ya kupanga mafuta na cheche, na mara tatu nikakosa neno. Mjomba alinipa mawili kati ya hayo.

Usiku injini iliwaka. Kompyuta haikuonyesha kosa lolote. Mjomba alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya menifoldi na mpini wake sikioni, akaihamisha polepole kutoka silinda hadi silinda, akasimama.

"Hapa ya tatu panavuja," alisema. "Nati haikukazwa."

Mpwa wangu alitazama kioo cha kompyuta, akamtazama babu yake, akaizima injini. Tukangoja chuma kipoe.