Muulize mzizi

Wiki iliyopita tulishuka tena kwenye bustani yetu kando ya Lualaba, hapa Bukama, mji uliofikiwa na reli mwaka 1918. Kiangazi kimekaza, kila asubuhi tunapandisha bidoni za maji kichwani.

Tulikuta nyanya zimenyauka, majani ya manjano. Tukasema: zina kiu. Tukamwagia tena. Kesho yake zililala kabisa. Mama mzee wa bustani ya jirani akatuambia: "Binti zangu, jani linadanganya. Ng'oeni moja, muulize mzizi."

Tuling'oa. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, yenye harufu ya kuoza. Kumbe mizizi nayo inapumua: udongo mzito wa mtoni ukijaa maji, hewa inakosekana, mizizi inaoza, na mmea haunywi tena hata ukisimama ndani ya maji. Mizizi yenye kiu ni mikavu, inakatika upesi. Yenye afya ni myeupe na imara.

Pesa za shule za watoto tulizitegemea kwenye nyanya zile. Sasa tumepanda nyingine juu ya matuta. Mama, kabla ya kumwaga maji, ingiza kidole udongoni. Ukikuta unyevu, pumzisha kichwa chako.