Kinyago Tulichokichonga Wenyewe: Vichezeo vya Kutisha vya Muhuru

Wahenga walinena kuwa kinyago ukichongacho mwenyewe hakikutishi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkejeli mtu aliyeinuliwa na wenzake, kisha akageuka kuwatisha waliomwinua. Katika makala haya, ndugu msomaji, ninanuia kuirejesha kwenye maana yake ya karibu kabisa: kinyago chenyewe, mkono unaokichonga, na mtoto anayekishika gizani. Nimelelewa Muhuru, rasi iliyochomoza ziwani katika pembe ya kusini-magharibi ya Kenya, jirani na mpaka wa Tanzania. Vitu tulivyovichezea huko mwanzoni mwa karne hii vilitisha kuliko vyote nilivyoviona baadaye katika maduka ya mjini.

Cha kwanza kilikuwa kichwa cha mbuta. Samaki huyu, ambaye jirani zetu wa Shirati na Musoma humwita sangara, si wa asili ya ziwa letu. Aliletwa miaka ya 1950, akawamaliza wengi wa samaki wadogo wa asili, hatimaye akawa tegemeo la mvuvi. Mkubwa wao aweza kupita kilo 100. Minofu ilikwenda viwandani na kusafirishwa hadi Ulaya. Sisi tuliachiwa mifupa iitwayo mgongo wazi, pamoja na vichwa. Kichwa kilichokwisha kuliwa tulikianika juani hadi kikawa cheupe, kisha tukafunga taya la chini kwa uzi wa wavu uliochakaa. Ukiuvuta uzi, kinywa kilifumba kwa mlio wa mfupa juu ya mfupa. Ukiulegeza, taya lilianguka na kinywa kikaachama.

Cha pili kilikuwa kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa kwa msumari macho mawili na safu ya meno. Ndani yake tulitia kaa la moto. Likining'inizwa kwa waya gizani, kopo hilo liligeuka jajuok, mchawi wa masimulizi ya Kijaluo ambaye hukimbia usiku na kusumbua watu milangoni mwao. Kopo hilohilo lilikuwa na kazi nyingine. Upepo wa jioni ulipovuma na watu wazima wakasema kuwa nyawawa wanapita, yaani pepo wa ziwani, kila boma liligonga sufuria, mabati na madebe ili kuwasindikiza warudi majini. Nasi tuligonga makopo yetu. Chombo kimoja kilikuwa pepo leo, na kesho kikawa ngoma ya kumfukuzia.

Cha tatu kilikuwa mtu wa udongo wa mfinyanzi, aliyevishwa vipande vya mfuko wa plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya Agosti 2017, na nadhani wanasesere wa aina ile walitoweka pamoja nayo.

Yamkini mtu akauliza: watoto waliozungukwa na hofu za kweli walitakia nini hofu za kujitengenezea? Mfano mmoja kutoka mbali na ziwa letu utatusaidia. Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji huchonga vinyago viitwavyo mapiko, vivaliwavyo katika ngoma za jando na unyago. Kwa desturi, asiyetiwa jandoni hakutakiwa kujua ni nani aliye ndani ya kinyago. Kwake yeye, huyo alikuwa mzimu. Kijana alipoingia jandoni ndipo alipofunuliwa siri, akaona kuwa nyuma ya uso ule wa kutisha mna binadamu anayemjua. Sisi wa Muhuru hatukuwa na mapiko. Lakini tulipotoboa macho ya kopo kwa mikono yetu, kwa kiasi fulani tulikuwa tukijitia jandoni wenyewe.

Ukweli wa jambo hili niliuona nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi. Dagaa, ambao sisi twawaita omena, huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Kutoka ufukweni, taa zile huonekana kama mji uliojengwa juu ya maji. Usiku mmoja dhoruba ilivuma na taa zikatawanyika. Kulipopambazuka, mashua moja haikurudi. Ndani yake alikuwamo baba wa msichana tuliyekuwa tukicheza naye.

Kwa majuma kadhaa hakuna mtoto aliyegusa kichwa cha mbuta. Kisha siku moja msichana yule akakichukua mwenyewe, akaketi nacho ukingoni mwa maji. Alifinyanga mtu mdogo wa udongo, akamtia kinywani mwa samaki, akavuta uzi. Taya likafumba. Akalegeza uzi, akamtoa mtu wake, akampangusa, akamrudisha tena. Alifanya hivyo mara nyingi bila kusema neno. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika omena alitaka kumnyang'anya kichwa kile, akisema huo ni mkosi. Dana, nyanya yangu, akamzuia: "Mwache, nyar wa. Ziwa halikumuuliza kitu. Mwache naye awe na pa kuuliza."

Sikuielewa kauli ile wakati huo. Leo, nikisoma fasihi, naona kuwa msichana yule alikuwa akisimulia. Hakuweza kubadilisha kilichotokea, lakini katika masimulizi yake uzi ulikuwa mkononi mwake, na kinywa kilichomeza kililazimika kufunguka.

Sisemi haya kwa kuutamani umaskini. Tulichezea mifupa kwa sababu hatukuwa na kingine, na mtoto wa leo mwenye mwanasesere wa betri hastahili kulaumiwa. Ninachokililia ni ule uzi. Filamu ya kutisha iliyomo katika simu hufumba na kufungua kinywa chake ipendavyo. Mtoto hutazama tu. Zimwi likujualo, tulifunzwa, halikuli likakwisha. Lakini zimwi litakujuaje ikiwa wewe hukulitoboa macho?

Wanafunzi wenzangu, tumekusanya ngano, vitendawili na nyimbo za bembelezi, na hiyo ni kazi njema. Vichezeo tumeviacha, labda kwa kuwa havina maneno ya kunukuu. Msichana wa Muhuru naye hakutamka neno, ilhali sijasikia maombolezo yaliyonigusa kuliko yale. Basi, ewe uliyelelewa Mfangano, Lamu au Kigoma, andika mlichezea nini kulipokuchwa: kilitengenezwa kwa nini, kilimtisha nani, na ni nani aliyeushika uzi.