Joto la mwezi wa pili

Kwetu Mambasa watu wengi wanahesabu kiangazi kuwa kitu kimoja, toka Noeli mpaka mvua za mwezi wa tatu. Mimi naona ni viangazi viwili. Kile cha mwezi wa kwanza kina asubuhi za baridi, vumbi ya barabara ya Komanda inakaa juu ya majani ya ndizi, na nguo zinakauka mbele ya saa sita. Halafu, mwisho wa mwezi wa pili, inakuja joto ya namna nyingine. Usiku hakuna usingizi, jasho haikauki mwilini, chumvi inalowana ndani ya kopo. Na mvua haijatoa hata tone moja. Nataka kusema juu ya joto hiyo, maana vijana wetu wako mashimoni.

Mwezi wa 12 jua linakuwa upande wa kusini, na mvua zinalifuata huko. Kwetu inavuma hewa kavu ya kaskazini. Kisha jua linarudi, na karibu tarehe 20 ya mwezi wa 3 linasimama juu ya ikweta, nasi tunakaa kaskazini yake kidogo tu. Mvua zinarudi pamoja nalo, lakini mvuke unatangulia. Mwingine unatoka mbali, baharini. Unanyesha, msitu unakunywa maji yale na kuyapumua tena kwa majani yake, na hivi unasogea mpaka Ituri. Hewa ya joto inaweza kubeba mvuke zaidi: kwa kila digri moja inayoongezeka, karibu asilimia 7. Na dunia imekwisha kupata zaidi ya digri moja tangu karne ya 19. Basi tukitoka jasho hivi, ni kwa sababu maji yako tayari juu ya vichwa vyetu. Kule Epulu inanyesha karibu milimita 1,700 kwa mwaka. Kama maji yote yangebaki chini, yangemfikia mtu mzima kichwani.

Wengine wananiambia tungoje radio. Ni vizuri kusikiliza. Lakini kituo cha ICPAC, kule Kenya, kinachotoa utabiri wa mvua za mwezi wa 3 mpaka wa 5, kinahudumia nchi 11. Uganda jirani yetu imo, Kongo haimo. Sisi tuna METTELSAT ya Kinshasa. Tena utabiri wa majira unatoa bahati tu, kwamba mvua inaweza kupita kipimo au kupunguka. Hautaji siku, wala mto wako.

Na mchimbaji anataka siku. Wakati wa kiangazi maji ya chini yanashuka, motopompe inakunywa mafuta kidogo, kwa hiyo watu wanachimba kando ya mito, kila wiki chini zaidi. Mwisho wa mwezi wa pili ndipo wanafika kwenye changarawe yenye dhahabu. Miezi miwili wamekula mchele na samaki wa deni. PDG wa shimo ametoa mafuta, ameandika yote katika kaye. Sasa dhahabu iko mbele ya macho, jua linawaka, nani atatoka? Kijana wangu alinijibu: «Mama, jua iko kali, mvua iko mbali.» Nikamwonyesha chumvi. Akacheka: «Chumvi yako haijui kuchimba.»

Kweli haijui. Lakini ukuta wa shimo uliokauka umejaa nyufa, na maji ya kwanza yanaingia humo. Udongo unakuwa mzito, unaachana. Tena mvua haina lazima ya kunyesha juu yako. Inanyesha mlimani, na mto unakuja kwako chini ya jua. Mwezi wa 9, mwaka 2020, kule Kamituga katika Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilijaza mashimo ya dhahabu, na watu 50 au zaidi walihofiwa kufa. Katika Mathayo sura ya 16 Bwana Yesu anasema na watu waliojua kusoma rangi ya mbingu. Sisi pia tunajua kusoma. Deni ndiyo inatufunga macho.

Kwa hiyo sikwenda kwa vijana, nilikwenda kwa PDG. Si mtu mbaya. Aliniuliza: «Mama, nikifunga wiki tatu, nani atalipa mchele?» Ni swali la haki, na mahubiri hayalijibu. Wazee wa kazi ndio walilijibu. Mwezi wa kwanza maji ya kuoshea ni haba. Basi changarawe ipandishwe, irundikwe juu, mbali na mto. Joto ya usiku ikianza, hakuna mtu kushuka tena chini ya ukuta. Wanaosha rundo, na mvua yenyewe inawaletea maji. Anayebaki bila kazi aende shambani, maana ni wiki zile zile za kuchoma na kupanda mpunga, na akina mama tunatafuta mikono bila kuipata.

PDG alikubali kwa shimo moja, kujaribu. Ngumu iliyobaki ni wezi. Rundo halina mlango, lazima mtu alale hapo kila usiku, na vijana bado wanabishana ni nani, na atalipwa nini.